Kisahani cha Sita

Vikombe ninavyo sita. Visahani, vitano.
Nimevihesabu tangu mwaka ule kampuni ilipoacha kutulipa
na Tshinyama akasimama mlangoni kwangu, Kamalondo, kiloba begani:
"Tata, hii iko ya Wachina. Ya zamani sana."

Si ya Wachina. Nilikigeuza kikombe.
Chini, kwa rangi nyekundu, namba ya mtu aliyekuwa na haraka,
saba yake imeinama kama mwenye mzigo.
Uingereza. Kilipita reli ya kusini, nadhani,
ndani ya sanduku la mke wa karani, kimeviringishwa majani makavu,
halafu nyumba ikauzwa, ikauzwa tena,
likabaki kabati, akabaki boyi na funguo.

Mimi nilipima mawe laboratwari miaka ishirini na saba.
Jicho langu linaijua buluu.
Vijana wananiuliza, hiyo ni kobalti yetu?
Ningependa kusema ndiyo.
Lakini kikombe hiki kilizaliwa kabla ya shimo letu la kwanza,
kabla bomba la moshi halijasimama juu ya mji.
Buluu yake ilichimbwa kwingine, na watu wengine,
waliokohoa kwa lugha nyingine.

Pitisha kidole hapa. Taratibu. Unasikia?
Rangi imeinuka. Jani hili ni mguso mmoja wa brashi.
Hili ni miwili: alirudi, hakuridhika.
Dhahabu imefutika pale midomo ilipokaa.
Sasa kinyanyue dirishani,
kivuli cha kidole chako kinapita ndani ya kauri
kama mtu nyuma ya pazia.

Na mchoro wenyewe! Daraja lisilogusa ukingo wa pili.
Mzee mwenye masharubu ya kambale.
Ndege mwenye mkia mrefu kuliko mti aliokalia.
Nilimwonyesha jirani yangu Kafwaya,
anayechora mamba muntu kwa ajili ya sebule za watu,
nywele hadi kiunoni, saa mkononi, nyoka shingoni.
Alikitazama muda mrefu, akafuta mikono kwenye suruali.
"Huyu China hakufika," akasema.
"Lakini angalia, mkono hautetemeki."

Mama Monga, mke wangu, alisema mara moja tu:
sahani isiyoweza kubeba bukari ni sahani gani?
Kesho yake nilimkuta akiviosha kwenye beseni,
kimoja kimoja, kitambaa chini visigongane,
na redio ameizima.

Kisahani cha sita nilikitafuta soko la Kenya,
nikakitafuta Ruashi kwenye mabanda ya vyuma chakavu,
kwa masista, kwa Mgiriki mmoja aliyekuwa akifunga duka.
Tshinyama aliapa kila mwezi: kiko, Tata, kiko, nipe nauli.
Nilimpa nauli miaka tisa.

Mwezi wa nne Tshinyama akafa.
Matanga yalikuwa kwao, Katuba. Turubai, viti vya kukodi,
wanawake wameketi chini, miguu wameinyoosha,
na mezani, kando ya daftari la michango,
kisahani.

Ufa mmoja, mwembamba kama unywele. Ndege na mkia wake.
"Hicho ndicho cha ukoo," mjane akasema alipoona nimekodoa macho.
"Kila msiba tunakitoa. Marehemu alikataa kabisa kukiuza,
hata kuna mzee mmoja alikuwa anamsumbua."

Nyuma yangu mtu alikohoa. Foleni ilikuwa ndefu.
Nikatoa noti zangu, nikazikunjua, nikaziweka juu ya daraja,
zikalifunika, zikafika na ng'ambo ambako lenyewe halifiki.

Kijana wa daftari akaniuliza jina. Nikamtajia.
Akauliza, wewe ni nani kwa marehemu?
Nikasema: mteja.
Akatazama karatasi yake, juu, chini.
"Hapa hakuna mstari wa mteja," akasema,
na kalamu ikabaki hewani, ikingoja.